Wametupa Kisogo: Rangi, Mstari na Mpangilio katika "Wawindaji Thelujini"

Maneno haya niliyasema mbele ya Waswahili wenzangu tunaoishi Vienna, jioni ya kuamkia siku tuliyokwenda makumbusho pamoja. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, na mwishoni nimeongeza maswali mawili niliyoulizwa.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma, habari za jioni.

Nimeombwa niwatayarishe kwa safari ya kesho. Tunakwenda Kunsthistorisches Museum, lile jengo kubwa la Maria-Theresien-Platz ambalo wengi wetu tunalipita kila siku kwa tramu bila kuingia. Lilifunguliwa mwaka 1891, na ndani yake kuna ukumbi wenye kazi za Pieter Bruegel, mchoraji wa Flanders wa karne ya kumi na sita, nyingi kuliko mahali pengine popote duniani. Nitazungumzia mchoro mmoja tu. Nikiwapitisha kwenye yote, mtarudi nyumbani na orodha ya majina, nami nataka mrudi mkiwa mmeona kitu.

Mchoro wenyewe unaitwa "Wawindaji Thelujini". Bruegel aliumaliza mwaka 1565. Ni rangi za mafuta juu ya ubao wa mwaloni, upana sentimita 162, kimo sentimita 117. Wengi mmeshauona kwenye kadi za Krismasi, umefinywa ukatosha kiganjani. Kesho mtaukuta una ukubwa wa meza ya kulia iliyosimamishwa ukutani, na ukubwa huo una maana, kwa sababu mambo ninayotaka kuwaonyesha yanapotea kabisa kwenye kadi.

Miaka kadhaa iliyopita mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Ilikuwa Februari, amevaa koti langu na kanga juu ya koti. Nikampeleka makumbusho ili angalau tupate joto. Akasimama mbele ya mchoro huu, nami nikasogea pembeni nisije nikamharibia kwa maelezo yangu. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hawa hawakupata kitu."

Nikamuuliza, "Umejuaje, mama?"

Akanijibu, "Mgongo wa mtu aliyepata hauko hivyo."

Nilikuwa nimeusoma mchoro ule kwenye vitabu kwa miaka, na hakuna kitabu kilichonieleza kwa ufupi kiasi kile. Mama alikuwa hajamwona mbweha. Yupo mmoja, mwembamba, ananing'inia kwenye mti wa mkuki mgongoni mwa mwindaji. Wanaume watatu wametoka na mbwa zaidi ya kumi, wamerudi na mbweha mmoja. Mama hakuhitaji kumwona huyo mbweha ili aijue habari yenyewe.

Sasa nendeni nayo hii: kati ya wale wanaume watatu, hakuna hata mmoja ambaye uso wake unaonekana. Ndio wakubwa kuliko watu wote kwenye ubao, wamewekwa mbele kabisa, na wametupa kisogo. Kwetu, mtu akikupa kisogo amekukatia mazungumzo. Mchoraji mwingine angewageuza kidogo, angalau mmoja, ili tuone jicho lenye uchovu au mdomo uliopasuka kwa baridi. Bruegel amekataa. Na alipokataa, alijitwika deni: kila kitu ambacho uso ungesema sasa kilipaswa kusemwa na rangi, na mistari, na namna vitu vilivyopangwa kwenye ubao. Jioni hii nataka tuone alivyolilipa deni hilo.

Nianze na rangi, na hapa nitakaa.

Ukimwuliza mtu baridi ya mchoro huu inatoka wapi, atakuonyesha theluji. Mimi nilisema hivyohivyo kwa muda mrefu. Lakini weupe peke yake hauna baridi. Unga ni mweupe, chumvi ni nyeupe, ukuta wa msikiti uliopakwa chokaa ni mweupe na unaunguza macho kwa jua. Kesho tazameni mbingu. Ameipaka kijani kilichochanganyika na kijivu, rangi inayofanana na bahari siku ambayo mvua imekaribia. Halafu shusheni macho kwenye mabwawa mawili yaliyoganda bondeni. Ni rangi ileile. Ameichukua mbingu akaiweka chini, ikawa kijiji chote kimekaa katikati ya sahani mbili za rangi moja, moja juu na moja chini. Hakuna upande ambao joto lingeweza kuingilia.

Na jua halipo. Msiishie kulitafuta jua lenyewe, tafuteni kivuli. Hamtaona mti uliolaza kivuli kwenye theluji, wala mbwa, wala mtu. Mwanga unatoka kila mahali kwa kiasi kilekile, kama siku zile za Januari hapa Vienna ambapo saa sita mchana na saa tisa alasiri hazina tofauti. Pasipo kivuli huwezi kujua ni saa ngapi, na wale watu wanaotembea nao hawajui wamebakiwa na muda gani kabla ya giza.

Juu ya weupe huo na ukijani huo ameweka rangi nzito: kahawia iliyokaribia weusi. Nguo za wawindaji, mbwa, mashina ya miti, ndege kwenye matawi. Alivyowapaka watu ndivyo alivyoipaka miti. Ukisimama mbali, kama hatua nane hivi, wawindaji na mashina vinakuwa jamii moja ya vitu vyeusi vilivyochomekwa kwenye theluji. Hapo ndipo unapouona uchovu wao kwa mara ya kwanza, kwa sababu mashina yamenyooka wima na wao wamepinda.

Kisha kuna moto. Upande wa kushoto, nje ya nyumba ya wageni, watu wamewasha moto wa kubabua nguruwe, kazi ya kawaida ya majira ya baridi wakati ule katika vijiji vya Flanders na Brabant, nchi ambazo leo ziko Ubelgiji na Uholanzi. Ule moto ndio rangi ya chungwa iliyo hai kuliko zote kwenye ubao. Ukuta wa matofali jirani yake una wekundu uliofifia, kama majivu yaliyobakiwa na kaa moja. Sasa naomba mfanye jaribio ninalowafanyisha wanafunzi wangu wa uchoraji. Kesho, simameni mbele ya mchoro, fungeni jicho moja, nyoosheni mkono, muuzibe ule moto kwa dole gumba. Ubao mzima utabadilika. Ukijani wa mbingu utarudi nyuma, utakuwa kijivu tu, rangi isiyo na neno. Ondoeni dole gumba, nao ukijani utarudi kuuma. Kibaridi kinahitaji cha moto karibu yake ili kisikike. Bruegel ametumia kipande kidogo mno cha rangi ya moto kuipoza mita nzima na nusu ya mandhari.

Na wawindaji wanapita mita chache tu kutoka kwenye moto huo. Hakuna aliyegeuza kichwa. Hakuna anayewasalimia pale motoni. Sisi tuliolelewa kwamba mtu hupiti penye moto wa watu bila kusema hodi tunaona jambo hili haraka, nadhani haraka kuliko wengi waliouandika mchoro huu.

Juu ya moto kuna kibao cha nyumba ya wageni, kimefunguka upande mmoja, kinaning'inia kwa kulabu moja. Kimeandikwa kwa lugha ya huko kwamba hapa ni kwa Kulungu, na kimechorwa mtakatifu aliyepiga magoti mbele ya kulungu, yule ambaye wawindaji wa Kikristo walimwomba. Kimekaa karibu na vichwa vya watu waliorudi na mbweha mmoja. Bruegel hakukipigia kelele. Ukikikosa, mchoro unasimama bado.

Sasa mistari.

Kuna safu ya miti mirefu iliyopukutika inayoanza mbele, karibu na wawindaji, ikashuka na kilima kuelekea bondeni. Kila mti ni mdogo kuliko uliotangulia. Ile safu ni amri kwa jicho: teremka. Wawindaji wanatembea mle mle, hatua kwa hatua na miti, kwa hiyo miguu yao na macho yetu vinakwenda njia moja. Huwezi kuutazama mchoro huu umesimama. Ndani ya sekunde chache umeshaanza kushuka kilima nyuma yao.

Kilima chenyewe ni mstari wa pili. Ukingo wake unakata ubao mshazari, kutoka kushoto kuja chini kulia, na kufanya pembetatu nzito ya theluji kwenye kona. Wawindaji, mbwa, nyumba, moto, vyote vizito vimekaa kwenye pembetatu hiyo. Kisha upande wa pili, juu kulia, milima yenye miamba inashuka kwa mshazari wa kwake kuja kukutana na bonde. Mishazari miwili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali, na bonde tambarare katikati yao. Ndiyo sababu bonde linaonekana pana kiasi kile ilhali ubao una sentimita 162 tu. Kitu tambarare kikiwekwa kati ya miteremko miwili kinatanuka.

Tazameni pia matawi. Yamechorwa kwa mistari myembamba, mingine kama unywele, dhidi ya mbingu iliyofifia. Bruegel aliujua mstari mwembamba kwa kazi. Kabla hajawa mchoraji wa mbao kubwa alitumia miaka akichora michoro ya kuchongwa na kuchapwa kwa ajili ya Hieronymus Cock, mchapishaji wa Antwerp. Katika kazi ile hakuna rangi ya kukuokoa. Mstari mweusi kwenye karatasi nyeupe unasimama peke yake au unaanguka peke yake. Nikiyaona matawi yale naona mkono uliozoea kuandika kwa wino. Vijana mnaochora, mnaotaka kukimbilia rangi mwezi wa kwanza, naomba mkae mbele ya matawi yale kwa dakika kumi.

Mgongo aliouona mama ni mstari pia. Mwindaji aliye nyuma ameinama, uzito wake uko mbele ya miguu yake, na miguu inazama thelujini. Mbwa wanarudia mstari huohuo kwa umbo dogo: shingo zimeshuka, mikia imeshuka. Hakuna mbwa anayetangulia kwa furaha kama mbwa afanyavyo akikaribia nyumbani. Kundi zima limechorwa kwa mkunjo mmoja, wa mtu na wa mnyama, na mkunjo ule ndio uliokuwa habari yote kwa mama.

Halafu yupo ndege. Karibu wote wametua, weusi, kwenye matawi. Mmoja yuko hewani, mabawa wazi, mkia mrefu, ni wa jamii ya kunguru. Ameelea juu ya bonde, na kwa sababu yake tunapata habari ambayo watu wote wa chini hawawezi kutupa: kina cha hewa. Mfuteni kwa mawazo, na ule uwazi kati ya miti na milima unakuwa pazia lililopakwa rangi. Yeye anaufanya uwe nafasi ya kuangukia. Mara nyingi huwa nawaza kwamba tunautazama mchoro kutoka alipo yeye, kwa sababu mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na mbingu, umepandishwa juu sana, na jicho letu liko mbali juu ya ardhi, kwenye usawa wa matawi. Tuko nyuma ya wawindaji kwa huruma, lakini kwa macho tuko na ndege.

Kuhusu mpangilio, nisiwachoshe, kwa kuwa nusu nimeshausema. Niongeze jambo moja. Bondeni kuna maisha tele. Watu wanateleza kwenye barafu, wengine wanacheza kwa fimbo, mwanamke anamkokota mwenzake, mwingine anavuka daraja na mtita wa kuni kichwani au mgongoni, mtapima wenyewe kesho. Chini kulia kuna kinu cha maji ambacho gurudumu lake limeganda, limeota ndevu za barafu, maana yake hakuna kinachosagwa. Mbali zaidi nyumba moja inawaka moto kwenye bomba la moshi, na watu wanakimbilia kuuzima. Ni udogo wa kucha. Bruegel ameweka furaha, kazi, na msiba kwenye bonde moja, na hakuna anayemtazama mwenzake. Anayeteleza hajui kuna nyumba inayoungua. Mwindaji hajui kuna anayeteleza. Wanaounganisha yote hayo ni sisi tu, kwa kuwa mistari imetushusha tukayapitia moja baada ya jingine.

Nimesikia watu wazuri wakisema mchoro huu ni wa kufurahisha, majira ya baridi na michezo yake. Siwezi kukubali. Majira ya baridi ya 1564 kuingia 1565 yalikuwa miongoni mwa makali kabisa yaliyokumbukwa Ulaya ya kaskazini, na ubao una tarehe ya 1565. Kinu kilichoganda wakati huo kilimaanisha chakula kimesimama. Aliyeagiza mchoro hakuwa na shida hiyo: alikuwa Niclaes Jonghelinck, mfanyabiashara tajiri wa Antwerp, aliyetaka mfululizo wa nyakati za mwaka kwa ajili ya nyumba yake. Umebaki na michoro mitano. Mitatu iko hapa Vienna, mmoja uko Prague, mmoja New York. Kila mmoja una rangi yake inayotawala: wa mavuno uko njano tupu, wa kurudisha ng'ombe uko kwenye udongo na kahawia ya majani makavu. Huo wa ng'ombe mtauona kesho ukumbini humohumo. Utazameni dakika tano kisha rudini kwa wawindaji, bila kusoma chochote ukutani. Mtahisi halijoto ikishuka mwilini.

Hapo nikawakaribisha waulize.

Mzee mmoja, aliyefundisha jiografia miaka mingi kabla hajastaafu, aliuliza: "Flanders ni nchi tambarare. Hiyo milima ameitoa wapi?"

Shikamoo mzee, na swali ni la haki kabisa. Bruegel alisafiri kwenda Italia miaka ya mwanzo ya 1550, na njia yake ilipita Alpi. Alichora milima ile kwa kalamu njiani. Karel van Mander, aliyeandika habari za wachoraji mwaka 1604, alisema Bruegel alipokuwa Alpi aliimeza milima na majabali yote, na aliporudi nyumbani akaitapika kwenye mbao zake. Kwa hiyo alichukua kijiji cha Brabant, chenye paa na kanisa na mabwawa yake, akakiweka chini ya vilele vya nchi nyingine. Hakuna mahali duniani unapoweza kusimama ukaona alichokichora. Na aliihitaji ile milima. Bila mshazari ule wa juu kulia, jicho lingeteremka na kilima likatoka nje ya ubao kwenye kona. Vilele vinalizuia, vinalirudisha bondeni, linazunguka tena. Mimi naamini hili ndilo tendo lake la ujasiri mkubwa kuliko yote kwenye mchoro huu, kuvunja ukweli wa ramani ili mwendo wa jicho ukamilike.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana wa miaka tisa au kumi hivi aliyekuwa amekaa na baba yake. Alikuwa ameitazama picha niliyoitundika muda wote. Akasema, "Mwalimu, mbona mbwa wamechoka, halafu watoto wanacheza? Si wako sehemu moja?"

Nikamwambia mwanangu, wako sehemu moja, lakini tazama ukubwa. Kesho simama kwenye kamba, nyoosha kidole, mpime mbwa mmoja wa mbele. Kisha kwa kidole hichohicho pima wale wanaocheza kwenye barafu, uniambie wanaingia wangapi.

Kesho yake asubuhi, saa nne, tuliingia mlango ukifunguliwa. Yeye alitangulia. Alisimama kwenye kamba na kidole hewani, jicho moja amelifumba, akapima mbwa, akapima barafu. Akaja kunivuta mkono. Mbwa mmoja, alisema, anafunika kundi zima la wanaocheza, na bado mkia unabaki nje. Kisha akarudi kuwahesabu wa bwawa la pili, la mbali, na sisi wengine tukabaki tunamsubiri.